Kisima cha Mama Wamekiita Kichachu

Nimetukanwa sana katika umri wangu, nami si mtu wa kulia kwa tusi. Nimeitwa mkali, nimeitwa mdomo panga, na mke mwenzangu aliwahi kuniita pweza mbele ya wageni wa harusi kwa kuwa nilikuwa nashika kila sahani. Yote niliyameza. Lakini siku mjukuu wangu aliposimama uani kwangu na kikaratasi kilichogeuka rangi, akanambia maji ya kisima cha mama yangu yana asidi, niliona kama mtu kaenda makaburini, kamfukua marehemu na kumzaba kofi.

Kisima chenyewe kiko nyuma ya nyumba yangu hapa Wingwi, penye udongo mwekundu ambao ukiangukia nguo nyeupe, nguo hiyo ndiyo imekwenda. Mama aliuza bangili zake mbili za harusi akakichimbisha, kisha akakiweka wakfu: kila mtu achote na asiulizwe. Mtu akinywa, akitawadha, akimnywesha mbuzi wake, thawabu zinamfika mama alikolala. Hivyo ndivyo alivyotaka na hivyo ndivyo ninavyoamini, wala sihitaji mtu wa kunisomea.

Basi ukaja mfereji. Bara wanaita bomba, sie tunasema mfereji. Nilifurahi kama watu wengine, sitasema uongo, na mgongo wangu ulifurahi kuliko mimi. Lakini nyuma ya mfereji ikaja kamati ya maji ya mtaa, na kamati ikatangaza visima vya zamani vipimwe, na kitakachoonekana hakifai kifunikwe kwa zege. Mwenyekiti wa kamati ni mkwe wangu, mume wa binti yangu mkubwa. Sasa kisima kikifunikwa, hakuna anywaye. Asiponywa mtu, mama yangu hapati kitu huko aliko. Jambo langu lote lilikuwa hilo, wala usitafute jengine.

Mjukuu wangu ni binti wa huyo mkwe, yuko kidato cha tatu. Mwalimu wao skuli aliwapa kazi: kila mmoja apime maji ya mfereji na maji ya kisima cha kwao, aone yapi yana uchachu zaidi. Akawapa na vikaratasi vyembamba kama utepe, pamoja na ubao mdogo wenye rangi zilizopangwa kwa namba, kuanzia nyekundu mpaka zambarau. Mtoto akaja kwangu kwa sababu kisima kiko kwangu, na kwa sababu kwangu hakukosi visheti vitamu vya kukaanga.

Akaweka gilasi mbili juu ya kinu nilichokipindua. Akachovya kikaratasi katika maji ya mfereji, akakiweka kwenye ubao wa rangi.

"Bibi, hii ya mfereji. Kijani. Saba."

"Saba ya nini?"

"Saba ni katikati. Si kali wala si ya chokaa. Chini ya saba ndiyo uchachu, na kila ukishuka unazidi."

Akachovya cha pili. Nilikuwa nimeshajiandaa kutabasamu. Kile kikaratasi kikawa rangi ya papai bivu. Mtoto akakisogeza huku na huku penye ule ubao, akaniangalia kwa jicho la pembeni, kisha akaangalia visheti.

"Sema," nikamwambia.

"Tano, bibi. Ina asidi."

"Imekosea."

"Karatasi haikosei."

"Haikosei nani? Ninayo karatasi sandukuni ina jina langu na imeandikwa mwanamme. Nimezaa watoto saba nikiwa nayo."

Akacheka, lakini hakukifuta kile alichokiandika. Nikamwuliza chupa aliyochotea maji ilikuwa ya nini. Akasema ya juisi ya ukwaju, ya futari. Nikapiga kofi pajani. Ukwaju, na unakuja kunambia kisima kichachu! Nikamtoa na chupa yake. Nikaosha gilasi kwa majivu, nikaisuuza mara tatu, nikachota mwenyewe kwa ndoo yangu na kata yangu ya kifuu, nikammiminia. Papai. Nikasema kata ina tui. Tukachota kwa bakuli jipya ambalo halijawahi kutiwa kitu. Papai. Nikamwambia arudi asubuhi, maji yakiwa yametulia. Akarudi asubuhi kabla ya skuli, amevaa sare yake na mtandio mweupe, akachovya, na kikawa papai lile lile, labda limeiva zaidi.

Nilimfukuza. Mjukuu wangu wa kwanza, niliyempokea kwa mikono hii, nilimwambia achukue vikaratasi vyake akapime mate ya mwalimu wake. Akaenda kimya. Si mtoto wa kujibu, na hilo ndilo linalonitia hasira zaidi, kwa sababu mtoto anayejibu unapata pa kumshikia.

Siku ya pili yake akaja baba yake. Mkwe wangu ni mtu wa dini, sauti ya chini, kanzu iliyopigwa pasi, baraza nzuri nje ya nyumba ambapo watu hukaa kumsikiliza baada ya swala ya alasiri. Mfereji wa mwanzo wa mtaa umewekwa mlangoni kwake. Kwetu mtu na mkwewe hawakabiliani ovyo, kuna haya baina yao, kwa hivyo nilijifunga kanga vizuri nikakaa kitako nikimsikiliza, na ulimi nimeubana kwa meno.

"Mama," akasema, "nimesikia habari za maji. Usione vibaya. Kisima nacho kina umri wake. Kimezeeka."

"Kisima kinazeeka? Kimeota mvi?"

"Namna ya kusema, mama. Kamati itakaa masika yakikatika. Tukikifunika, tutaandika jina la marehemu juu ya zege, kwa herufi nzuri. Litabaki daima."

Hapo ulimi ukanitoka menoni.

"Mama yangu hakuuza bangili zake apate kuandikwa. Kusoma kwenyewe hakujua. Aliuza watu wanywe. Juu ya zege atakunywa nani? Kunguru?"

Akaomba radhi, akaaga, akaenda zake kwa ile hatua yake ya kama mtu anayetoka msikitini. Nami nikabaki nimekaa na kitu ambacho nilikuwa sikumwambia yeye wala binti yake. Nilikuwa nimeyaonja. Siku ile ile, baada ya kumfukuza mtoto, nilikunywa gilasi ya mfereji, nikakunywa na ya kisima, polepole, kama mwonja mchuzi. Ya mfereji ilikuwa na harufu ya dawa. Ya kisima ilikuwa baridi, tamu, halafu mwisho, pembeni mwa ulimi, pana ukakasi. Kidogo tu, kama umelamba kitasa cha mlango. Nilikuwa nimeuzoea miaka, nikiuita ubaridi.

Mke mwenzangu anakaa nyumba ya pili kutoka kwangu. Mume wetu kafa zamani, tukabaki sisi wawili kama vyungu viwili ambavyo mwenye jiko hayupo. Kila asubuhi anakuja kunywa chai kwangu na kuniambia makosa yangu. Asubuhi ya pili yake alipokea kikombe, akakitazama kama aliyeona nzi.

"Chai yako miaka hii nyekundu kama ya hospitali."

"Acha."

"Niache vipi? Zamani chai ya nyumba hii nyeusi, ina utando juu, unausukuma kwa kijiko. Mume wetu akiupenda ule utando kuliko alivyokupenda weye."

"Na weye alikupenda kwa kipi? Kwa kelele?"

Keshafunua birika, kaingiza mkono ndani mpaka kwenye kifundo, anasugua kwa kidole. Akautoa mkono na kuutazama. Safi.

"Magamba meupe yamekwenda wapi?" akauliza. "Birika la hapa lilikuwa na magamba ndani kama ukuta wa chokaa. Tukiyabandua kwa kisu."

"Nimesugua."

"Weye? Usugue birika?" Akaliweka chini. "Hayo hayakusuguliwa. Hayo yameacha kuja. Tangu lini yameacha?"

Nilijua tangu lini. Nilijua siku ile ile alipouliza, na moyo wangu ukawa kama ndoo iliyokatika kamba. Yameacha tangu tulipoyatoa mawe.

Lazima niyaeleze haya mawe, maana vijana wa leo hawayajui. Mama yangu hakuwa wa huku. Alikuwa wa Kisiwa Panza, na kule kwao ukichimba kwa jembe unapata jiwe, ukipanda mhogo unapanda juu ya jiwe, na visima vyao vimechongwa ndani ya tumbawe. Alipoolewa akaletwa huku kwenye udongo mwekundu, bibi harusi wa miaka kumi na kitu, maji ya huku yalimshinda. Alisema yanamuuma meno. Alisema ni kama anakunywa kisu. Watu wa mume wakamcheka, wakasema kaja na kiburi cha visiwani. Basi kisima chake kilipochimbwa, akaenda pwani maji yametoka, bahari imekupwa, akaokota mawe ya matumbawe yaliyokufa, yale meupe yanayotupwa na mawimbi, akayaleta kichwani safari baada ya safari, akayatandika chini kabisa ya kisima. Alitaka maji yawe na ladha ya kwao. Hapana siri nyengine.

Ikawa ndiyo desturi. Kisima hakina malipo, lakini kila mwanamke anayechota, mara moja kwa mwaka kabla ya masika, akienda pwani kuchokoa chaza au kukata mwani, arudi na jiwe moja. Kisima kinakumbwa, yaani maji yanachotwa yote mpaka tope, kinasafishwa, mawe mapya yanashushwa kwa pakacha juu ya yale ya zamani ambayo yamelika yakawa membamba. Tulikuwa tunaimba, tunarushiana tope, wasichana wanaambiana nani jiwe lake dogo kama mapenzi ya mumewe. Kazi hiyo tuliiita kukilisha kisima. Hilo neno ndilo lililotuponza.

Maana miaka minane iliyopita palikuwa na kiangazi kikali, maji yakashuka, na mkwe wangu akajitolea kukiongeza kina. Nilimshukuru. Akashusha mafundi, wakaanza kupandisha mawe. Kisha akanijia kwa ile sauti yake ya chini.

"Mama, watu wanasema hapa kisima kinalishwa. Nimeona haya kusikia. Kulisha kisima ni mambo ya mizimu, na marehemu mama yetu alikuwa mtu wa swala. Tusimwachie jina baya."

Nilikuwa na la kumwambia. Nilikuwa na la kumwambia kwamba hapana mzimu, kuna mwari wa Kisiwa Panza aliyekumbuka maji ya kwao. Badala yake niliona haya. Mimi, mdomo panga, niliona haya mbele ya kanzu iliyopigwa pasi. Nikasema, yatoeni. Wakayatoa yote, mpaka la mwisho. Na mwaka uliofuata birika halikuweka magamba, na sabuni ikatoa povu jingi kuliko zamani, nami nikapita nyumba kwa nyumba nikijisifu: kisima cha mama kimepona, kimetakasika. Mimi mwenyewe, kwa miguu yangu, nilipita nikisema hivyo. Ndoo zangu za bati zilianza kutoboka chini, nikanunua nyengine, zikatoboka nazo, nikawatukana waliouza. Sikuuliza kitu.

Nikampeleka mtu amwite mjukuu wangu. Akaja na uso wa mtu anayekuja kupigwa. Nikamwomba radhi. Si jambo ninalolifanya mara nyingi na sikulifanya vizuri. Nilimwambia, "Kaa, ule kisheti, unieleze jiwe linafanya nini majini."

"Jiwe gani, bibi?"

Bandani kwa mbuzi kulikuwa kumesalia kipande kimoja, tunafungia kamba. Mtoto akakipokea, akakigeuza, akaomba ndimu. Akaikamua ndani ya kisosi, akavunja kijichembe cha lile tumbawe, akakitia. Kikachemka. Bila ya moto, kikatoa povu na sauti ya chini, kama dagaa wanaokaangwa nyumba ya jirani. Mke mwenzangu akarudi nyuma, akasema bismillahi.

"Ni chokaa," mtoto akasema, na sasa uso wake ulikuwa umefunguka. "Chokaa inaua asidi, bibi. Kama ile dawa nyeupe ya kiungulia unayotafuna baada ya kula pilau."

Tukatwanga kipande kizima kwenye kinu, na kesho yake asubuhi nikakitia katika ndoo ya maji ya kisima, nikikoroga kila nikipita. Alipotoka skuli alichovya. Halikuwa papai tena. Lilikuwa rangi ya jani changa la mgomba, lile linalotoka bado limejikunja. Nilikitazama kile kikaratasi mpaka mtoto akanigusa bega.

"Lakini bibi, hii haipimi vijidudu," akasema. "Maji lazima uchemshe bado."

"Nitachemsha. Miaka yote nachemsha chai."

"Maji yote, bibi. Siyo chai tu."

"Sasa yale mawe mengine yako wapi?" nikauliza, maana tulipoyatoa yalikuwa chungu nzima, yangejaza gari la ng'ombe.

Mke mwenzangu akaniangalia kama anayemwangalia mgonjwa. "Umeyakalia Ijumaa iliyopita," akasema. "Ukanywa na kahawa juu yake."

Baraza. Mkwe wangu aliyajengea baraza. Yale mawe aliyoniambia ni ya mizimu aliyamimina chini, akayapiga saruji juu, na kila alasiri anayakalia akiwasomesha watu tabia njema. Miaka minane tunakunywa maji makali, mama yangu anaambiwa kisima chake kizee, na mawe yake yako chini ya makalio ya kamati.

Haya ya mkwe yaliniishia siku hiyo. Nilikwenda kwake mchana kweupe, watu wamekaa, sikupiga hodi ya kawaida. Nikamwambia yote mbele yao: birika, ndimu, na kile kipande cha jiwe cha bandani kwa mbuzi. Watu walitazama chini, kisha wakaanza kutazama baraza, mmoja akainuka kidogo kama aliyekaa juu ya siafu.

"Mama, mie sikujua," akasema.

"Najua hukujua. Ungeuliza. Mtu akaacha kwao, akabeba mawe kichwani mpaka shingo ikamlegea, weye ukaona ni uchawi kwa kuwa ni kazi ya wanawake. Lingekuwa jambo la wanaume ungeliita ufundi."

"Sasa nibomoe baraza?"

"Sikusema ubomoe. Nimekuja ujue."

Alikuwa na haki ya kunijibu jambo moja, na hakulijibu, nami nalisema hapa kwa kuwa ni kweli: ruhusa nilitoa mimi. Nilirudi nyumbani na hasira yote aliyokuwa hakuipokea, nikalala nayo wiki nzima. Hasira ya mtu mwengine ina pa kwenda. Ya nafsi yako inazunguka ndani kama mbuzi aliyefungwa, inakula kamba yake mwenyewe.

Masika yalikuwa karibu. Nilipita kwa wanawake wa mtaa, nyumba zile zile nilizojisifia, nikiwaomba jiwe mojamoja. Wakanipokea vizuri. "Karibu, Bi mkubwa, kaa, kunywa uji." Lakini jiwe? "Sie sasa tuna mfereji, bibi." Mmoja, msichana mdogo niliyemfunda mwenyewe alipoolewa, akacheka akasema mgongo wake si wa enzi hizo. Nilimtazama ule mgongo.

Tulikwenda pwani watatu: mimi, mke mwenzangu na mjukuu wangu, siku ya Jumamosi, na gari la ng'ombe la jirani. Maji yalikuwa yametoka mbali. Magoti yangu yalikataa kuinama, kwa hivyo nilikuwa nachagua kwa fimbo, nao wanaokota. Hili lina mchanga, hili zuri, hilo bado lina uhai, liache baharini lilipo. Mke mwenzangu alinung'unika njia nzima. Alisema miaka arubaini aligombea mume na mimi na hakupata taabu kama hii.

"Basi shuka urudi," nikamwambia.

"Nirudi nikanywe nini? Chai ya hospitali?"

Tukakikumba kisima kwa kulipa mafundi, tukashusha mawe kwa pakacha, moja moja, siyatupi. Mengine yaliyokuwa madogo tuliyavunja kwa nyundo, maana mtoto alisema likivunjwa linafanya kazi upesi. Kisha tukangoja. Kila Ijumaa mjukuu wangu alikuja kupima, na namba akaiandika kwa chaki nyuma ya mlango wa jikoni. Ijumaa ya kwanza, tano. Ya pili, tano. Nikamwambia afute, nimechoka kuiona. Akakataa, akasema mwalimu kasema namba mbaya nayo huandikwa. Ya tatu, baina ya tano na sita. Mvua kubwa ikapiga, maji yakajaa, namba ikarudi chini, nikamkasirikia Mungu kisha nikatubu. Nikawa namsubiri yule mtoto kama mtu anavyosubiri habari za mgonjwa. Halafu asubuhi moja nilikuta ndani ya birika, chini kabisa, duara jembamba jeupe. Sikulisugua. Nilimwita mke mwenzangu alione, akaja mbio, na sote wawili tukaingiza vichwa birikani kama kuku.

Masika yalipokatika kamati ikaja. Walikuwa sita, na sheha, mkubwa wa serikali wa mtaa wetu, akaja nao. Mkwe wangu alisimama nyuma, kanzu yake na daftari yake. Niliwawekea viti na kahawa, kwa kuwa sikulelewa porini. Mjukuu wangu akachota mbele yao, akachovya. Jani changa la mgomba, limeanza kufunuka.

"Sita na nusu, karibu na saba," akasema, na sauti yake haikutetemeka.

Sheha akataka na ya mfereji ipimwe, ili kazi iwe ya haki. Mtu akaufungua mfereji wa mlangoni kwa mkwe wangu. Ukakohoa. Ukatoa upepo, ukalia kama paka, ukanyamaza. Siku ya nne hiyo hautoki maji.

"Huu upepo nao niuandike namba ngapi?" sheha akauliza.

Watu walicheka, mimi sikucheka. Mjukuu wangu ndiye aliyewanyamazisha. Akasema alikuwa na chupa ya maji ya mfereji ya wiki iliyopita, ameshayapima, na yalikuwa saba. Ya mfereji bado bora kwa namba, akasema, na kisima chahitaji mawe kila mwaka la sivyo kitarudi tano. Ningeweza kumfinya. Lakini nilimwona alivyosimama, kidole juu ya ubao wa rangi, akisema kweli ambayo haimfai bibi yake, nikajua mama angempenda kuliko alivyonipenda mimi. Kamati ikasema kisima kibaki wazi, kisafishwe kila mwaka, maji yachemshwe. Sheha akakunywa gilasi moja pale pale, akasema alhamdulillahi. Hiyo gilasi ni ya mama. Niliihesabu.

Mfereji haukutoka siku ya tano wala ya sita. Siku ya saba wakaanza kuja, wale wale wenye migongo ya enzi hizi, na madumu yao. Sikumnyima mtu maji, wakfu ni wakfu. Niliwaambia tu wachote, na kabla ya masika yajayo nataka kuona jiwe, na jina la asiyeleta nitalitangaza mimi mwenyewe, kwa mdomo huu.

Alasiri akaja mkwe wangu. Madumu mawili, kanzu ameifunga kiunoni. Nilikuwa nimekaa kizingoni, ukingoni mwa kisima.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Jiwe liko wapi?"

Akatabasamu. "Mama, mie mkweo."

"Najua. Wengine nimewapa mpaka masika, kwa sababu wao hawana mawe nyumbani."

Akayaweka madumu chini, akaondoka. Nikasikia, kutoka upande wa kwake, mtaimbo unagonga saruji. Uligonga sana. Mke mwenzangu akatoka mlangoni na ufagio wake, akasimama kusikiliza, akarudi ndani bila ya kusema neno, na hilo kwake ni muujiza.

Mkwe akarudi jua limeshalala upande wa minazi, kanzu imechafuka vumbi jeupe mpaka mabegani, jiwe kalikumbatia kifuani kama mtoto. Nililijua. Lilikuwa na tundu mbili, mojawapo kubwa, lile tulilokuwa tukipitishia kamba kulishusha. Mama alilileta mwenyewe. Upande mmoja bado umegandwa na saruji.

Akalinyosha kwangu. Sikulipokea.

"Kalibandue saruji hiyo kwanza," nikamwambia. "Nyundo iko jikoni."